Kate Greenaway: Mchoraji aliyewavisha watoto mavazi ya kale

JINA la Kate Greenaway si geni kwa wanaofuatilia historia ya vitabu vya watoto. Mchoraji huyo Mwingereza alijipatia sifa Ulaya na Marekani kwa kuwachora watoto wa zama zake wakiwa wamevaa nguo za enzi za mababu zao. Wazazi waliziona picha hizo, wakapendezwa, wakawashonea wana wao nguo kama zile.

Alizaliwa Machi 17, 1846 katika mtaa wa Hoxton, London. Babake, John Greenaway, alikuwa mchongaji: alikata michoro katika vipande vya mbao ili ipigwe chapa magazetini na vitabuni. Mchapishaji aliyempa kazi kubwa alipofilisika, familia iliingia katika dhiki. Ikambidi mamake, Elizabeth, afungue duka la nguo za watoto na lesi huko Islington.

Hivyo binti huyo alikulia baina ya karakana ya picha na duka la nguo. Fauka ya hayo, utotoni alipelekwa mara kwa mara kijijini Rolleston, jimbo la Nottinghamshire, ambako wakulima walikuwa bado wakivaa nguo zilizokwisha kusahaulika mjini.

Maji hufuata mkondo. Alipotimu umri wa miaka 12 alikuwa tayari mwanafunzi wa uchoraji huko Finsbury. Baadaye alisomea South Kensington, ambako wanawake walifundishwa mbali na wanaume, na hatimaye akajiunga na chuo cha Slade kilichofunguliwa mwaka wa 1871. Riziki yake ya mwanzo ilitokana na kadi za sikukuu alizozichorea kampuni ya Marcus Ward ya Belfast.

Hakuchora mavazi ya kale kwa kubahatisha. Aliyashona kwa mkono wake mwenyewe, kisha akawavisha watoto waliokaa mbele yake achore: gauni zilizofungwa utepe juu, chini kidogo ya kifua, aproni, na kofia pana za kufungiwa kidevuni. Ndiyo mitindo ya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Ilhali watoto wa matajiri wakati huo walibanwa na nguo nzito, wa Greenaway walivaa nguo pwerere, wakacheza bustanini bila kizuizi.

Mwaka wa 1879 mpigachapa Edmund Evans, aliyejifunza kazi pamoja na babake Kate, alikubali kutoa kitabu chake cha kwanza, Under the Window. Evans alichapisha nakala 20,000, na George Routledge, aliyekuwa mchapishaji wa kitabu hicho, akamwona amepotoka. Nakala zote zilinunuliwa kabla hazijachapishwa nyingine, na uchapishaji ukaendelea hadi zikafika 70,000.

Vitabu vingine vilifuata, vikiwemo Mother Goose mwaka wa 1881 na A Apple Pie mwaka wa 1886. Duka la Liberty la London likauza nguo za watoto zilizofuata michoro yake. Kwa jasho lake mwenyewe, bila mume wala urithi, alijengewa nyumba huko Frognal, Hampstead, mwaka wa 1885, kwa ramani ya msanifu majengo mashuhuri, Norman Shaw.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuwa na kasoro. Waigaji walizuka kila upande, wakajaza soko kwa kadi, vyombo na vitabu vilivyofanana na vyake. Mtindo ulipoenea mno, uliwachosha wanunuzi. Kalenda zake ndogo, ambazo zilianza kutoka mwaka wa 1883, hazikuchapishwa mwaka wa 1896, na ile ya 1897 ikawa ya mwisho.

Pia kulikuwa na John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyeogopwa kuliko wote Uingereza. Walianza kuandikiana barua mwaka wa 1880, na mwaka wa 1883 Ruskin akamsifu hadharani katika mhadhara wa Oxford. Lakini faraghani hakuacha kumkosoa, akimhimiza achunguze maumbile na aichore vyema miguu ya watoto. Shutuma hiyo haikuwa bure, kwa sababu gauni ndefu zilificha udhaifu wake wa kuchora viungo vya mwili.

Kate alimpenda mzee huyo kuliko alivyopendwa. Alimwandikia barua nyingi hata baada ya Ruskin kuugua akili na kushindwa kumjibu, akaendelea hadi mhakiki huyo alipoaga dunia Januari 1900.

Katika miaka yake ya mwisho Greenaway alijaribu kupiga picha za watu kwa rangi za mafuta, lakini hakufaulu sana. Umma ulimtaka awe yule yule wa 1879, na wakati huo huo ulikuwa umemchoka. Mtindo uliomjengea nyumba ukawa pia ukuta uliomzuia kutoka.

Alifariki Novemba 6, 1901 akiwa na umri wa miaka 55, kutokana na saratani ya matiti. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakazikwa katika makaburi ya Hampstead.

Mwaka wa 1955 chama cha wakutubi wa Uingereza kilianzisha nishani ya wachoraji wa vitabu vya watoto, kikaipa jina lake. Mwaka wa 2022 ilitangazwa kwamba nishani hiyo ingeitwa kwa jina la Carnegie. Jina lake limeondolewa kwenye nishani, lakini mtoto mwenye gauni jeupe na kofia pana, popote achorwapo leo, bado humkumbusha mtazamaji binti wa muuza nguo wa Islington.