Casimir Zagourski, mpiga picha aliyeamini kwamba Afrika inatoweka

Kazimierz Zagórski, anayejulikana zaidi kwa jina la Casimir Zagourski, alizaliwa mwaka wa 1883 katika mji wa Zhytomyr, ulioko leo nchini Ukraine. Jamaa yake ilikuwa ya Wapolandi. Kabla ya kuishi kwa kazi ya kamera, alikuwa afisa wa jeshi la anga la Urusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kisha mapinduzi ya 1917 yalivuruga maisha yake kama ya wengine wengi.

Mwaka wa 1924, akiwa na miaka 41, alifika Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Alifungua studio Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Studio ndiyo iliyomlisha, lakini safari ndizo zilizomletea jina.

Kwa miaka mingi alizunguka nchi na kuvuka mipaka yake. Alipiga picha za Wakuba wa Kasai, wanawake wa Kimangbetu wenye nywele zilizosukwa juu kama taji, Wambuti wa msitu wa Ituri, na wacheza ngoma wa Rwanda. Mito, misitu na milima pia aliipa nafasi. Katika picha zake za uso, mwanga unaonyesha chanjo za ngozi, shanga na macho ya mtu.

Picha hizo alizitoa kama kadi za posta zenye namba, chini ya jina la Kifaransa lenye maana ya Afrika inayotoweka. Mwaka wa 1937 kazi yake ilionyeshwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa.

Mwaka huo huo wa 1937, kampuni ya Union Minière ilianzisha mji wa Kolwezi. Tangu miaka ya 1920, kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta wafanyakazi Kasai na hata Rwanda na Burundi, ili wachimbe shaba ya Katanga. Ni kusema, watu wa maeneo yale yale aliyoyapiga picha Zagourski walikuwa wakipanda treni kwenda migodini. Hawakuwa wakitoweka. Walikuwa wakibadilisha kazi, mavazi na lugha, na mabadiliko hayo hayakupewa nafasi katika kadi zake.

Kuna kasoro nyingine. Kadi nyingi zinataja kabila au eneo, bila jina la mtu mwenyewe. Mjukuu anaweza kumwona babu yake humo bila kujua kwamba ni yeye.

Zagourski alifariki mwaka wa 1944. Leo kadi zake zinatunzwa katika majumba ya makumbusho na kutafutwa na wakusanyaji. Kwa uzuri wake na kwa habari za mavazi, nyumba na mapambo ya zamani, thamani yake ni kubwa.

Huko Musonoi, karibu na Kolwezi, watu waliotoka pande zote wamebaki, na watoto wao wanasema Kiswahili. Kilichotoweka ni ardhi yenyewe: pale palipokuwa vilima, leo kuna mashimo makubwa ya shaba na kobalti. Anayepiga picha leo Musonoi ana kazi ya kufanya, na aandike majina.