Cornelis Drebbel: Fundi aliyeufundisha moto kujipunguza

Kama umewahi kuingia kwa jamaa anayeuza vifaranga Wote au Mwingi, bila shaka umeliona lile sanduku la mbao lenye balbu, feni ndogo na kidude chenye namba nyekundu. Namba zikifika 37.5, balbu zinazima zenyewe. Zikishuka kidogo, zinawaka tena. Kidude hicho ni themostati. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kubuni kitu cha aina hiyo alikitumia kwa kazi hiyohiyo ya kuangulia mayai ya kuku, na alifariki mwaka wa 1633.

Jina lake ni Cornelis Drebbel. Alizaliwa 1572 mjini Alkmaar, Uholanzi. Hakuanza na mitambo. Alijifunza kuchora kwenye mabamba ya shaba kwa Hendrick Goltzius, msanii mashuhuri wa Haarlem, na baadaye akamwoa dada ya mwalimu wake. Lakini mikono yake haikutulia. Kufikia 1598 tayari alikuwa na hataza ya mtambo wa maji na ya saa.

Miaka michache baadaye alihamia Uingereza, akawa fundi wa Mfalme James wa Kwanza. Mnamo 1610 akaitwa Prague na Mfalme Rudolf wa Pili. Rudolf aliponyang'anywa mamlaka, Drebbel akatupwa jela. Alipoachiliwa alirudi London, na huko, kuanzia 1620, akawashangaza watu kwa nyambizi iliyoendeshwa kwa makasia chini ya maji ya mto Thames. Jeshi la majini halikuichukua.

Sasa tazama ile ya mayai. Drebbel alikuwa na tanuri la moto wa kawaida. Ndani yake aliweka chupa yenye pombe kali iliyounganishwa na mrija wa zebaki. Joto likizidi, pombe inatanuka na kuisukuma zebaki. Zebaki inainua kijiti, kijiti kinafunika tundu la hewa. Moto unakosa hewa, unapungua. Kukipoa, tundu linafunguka tena. Hakuna stima, hakuna mtu wa kukesha.

Ukitembelea boma fulani kule Kibwezi au Mutomo leo, unaweza kukuta mashine ya zamani inayotumia wazo lilelile: kisahani cha bati chenye kimiminika ndani, kikipata joto kinafura na kubonyeza swichi. Shida yake ni kwamba kinayumba. Mchana wa Oktoba kule ukambani ni jua kali, usiku wa Julai ni baridi, na mayai yanataka joto lilelile kwa siku 21. Joto likikaa juu ya 40, viinitete vinakufa, na pesa zako zinaenda nazo.

Ndiyo maana vijana wengi wanafunga themostati ya kidijitali, wengine hata ile inayotuma ujumbe kwa simu. Lakini usitupe kile kisahani. Ng'oa plagi kwanza, na kama hujui nyaya, mwite fundi wa stima. Laivu ipite kwenye themostati ya zamani, kisha kwenye ile mpya, ndiyo ifike kwa balbu. Mpya iseti 37.5, ya zamani 38.5. Swichi ya ile mpya ikiganda na balbu zikakataa kuzima, ya zamani itazikata. Feni isipitie humo. Izunguke saa zote. Kihisio nacho kikae usawa wa mayai, mbali na balbu, la sivyo kitapima joto la balbu badala ya joto la mayai.

Na ukumbuke simu haipashi mayai joto. Stima ikipotea saa nane za usiku Kitui na wewe uko Nairobi, utapata ujumbe tu. Bila betri au jirani wa kuamka, app hiyo haikusaidii. Kwa hilo, mtambo wa Drebbel bado unatushinda.

Yeye mwenyewe hakufaidi sana. Mwaka wa 1628 alipelekwa kwenye vita vya La Rochelle na silaha zake za baharini, msafara ukafeli. Miaka yake ya mwisho aliendesha kilabu cha pombe London, akiwa karibu na ufukara. Rangi nyekundu ya kitambaa aliyoigundua ilikuja kuwaletea biashara wakwe zake, akina Kuffler.

Kwa hivyo wewe unayefunga mashine za watu huko Emali kwa bei ya soda, hesabu kazi yako vizuri. Andika bei, chukua malipo ya awali, na weka alama yako kwenye sanduku. Drebbel aliwafanyia kazi wafalme, na bado alizeeka akiuza pombe.