Kanali aliyetenganisha mvua na majitaka

Ushawahi kuruka mtaro mtaani baada ya mvua, ukaona maji meusi yamebeba vitu ambavyo hutaki hata kuvitaja? Basi tulia nikupe stori ya msee mmoja aliyeamua kwamba maji ya mvua na ya choo hayafai kupita bomba moja.

Anaitwa George Waring. Alizaliwa 1833 katika jimbo la New York, Marekani. Hakuanzia kwenye darasa la uhandisi. Alianzia shambani, akijua vizuri namna ya kutoa maji kwenye udongo uliolowa. Mimi niliyeacha chuo, hapo ananipa moyo. 1857 akapewa kazi ya kukausha vinamasi ili bustani ya Central Park itengenezwe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka akapigana upande wa Kaskazini, akawa kanali wa kikosi cha farasi. Jina la Kanali likamganda.

Sasa twende Memphis, mji wa kusini ulio kando ya mto Mississippi. 1878 homa ya manjano iliupiga vibaya. Zaidi ya nusu ya wakazi walitoroka, na zaidi ya watu 5,000 wakafa. Mwaka uliofuata mji ulikuwa umefilisika, hata hadhi yake ya kuwa mji ikafutwa.

Miji mikubwa ya wakati huo ilijenga bomba moja kubwa la kubeba kila kitu. Shida ni hii: jua likiwaka, majitaka ni kidogo, yanajikokota humo ndani na kuoza. Mvua kubwa ikinyesha, bomba linajaa pomoni na kumwaga kila kitu mtoni. Tena ni ghali, na Memphis haikuwa na pesa.

Waring akaja na wazo rahisi. Bomba dogo, la inchi 6 kwenye mitaa, libebe uchafu wa nyumba pekee. Mvua itafutiwe njia yake. Juu ya kila laini kuwe na tangi linalojaa polepole, kisha linaachilia maji yote kwa mpigo mmoja kila siku kusafisha bomba. Kazi ilianza 1880.

Usidhani alikuwa malaika. Mabomba yaliziba mara nyingi, na mwanzoni hakukuwa na mashimo ya kuingilia kuzibua. Majitaka yenyewe yaliishia mtoni bila kusafishwa. Na kubwa zaidi, Waring aliamini kwamba hewa mbaya ya uchafu ndiyo inaleta homa.

1895 akapewa usafi wa barabara za New York, jiji lililojaa mavi ya farasi. Akawavalisha wafagiaji sare nyeupe, na 1896 wakaandamana barabarani watu wakiwashangilia. Nyumbani nako akataka kila familia itenganishe majivu, mabaki ya chakula na takataka kavu.

1898 serikali ikamtuma Havana, Cuba, akapange usafi wa jiji hilo. Alirudi New York akiwa na homa ya manjano, ile ile iliyoiangamiza Memphis. Alifariki Oktoba 29, akiwa na miaka 65. Miaka miwili baadaye, madaktari wa jeshi la Marekani wakathibitisha kwamba homa hiyo inaletwa na mbu. Tena mbu huyo hapendi majitaka. Anataga kwenye maji safi yaliyotulia, kama ya pipa la nyumbani.

Kwa hivyo alikosea sababu, lakini kutenganisha alipatia. Majitaka yakiwa peke yake ni machache, yanaweza kusafishwa hata siku ya mvua. New York yenyewe, sehemu kubwa bado inatumia bomba moja, na mvua ikizidi, uchafu unaingia mtoni mpaka leo.

Nairobi je? Mpango wetu ni huo wa Waring: majitaka kivyake, mvua kivyake. Lakini mwenye ploti akiunganisha choo na mtaro wa mvua kisiri, ametuchanganyia tena kila kitu, na anayebeba mzigo ni Mto Nairobi na wanaoishi kando yake. Leo ukifika kwa keja, hebu uliza swali moja tu: bomba la choo chenu linaelekea wapi?