Wilt Chamberlain: Alifunga pointi 100, bado wakamuuliza pete ziko wapi

Msimu wa 1961-62 wa ligi ya NBA nchini Marekani, Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake, na hakuna aliyefanya hivyo baada yake. Msimu ulipokwisha wachezaji wa ligi walipiga kura ya kumchagua Mchezaji Bora wa mwaka, maana enzi hizo wapigakura walikuwa wachezaji wenyewe. Wakamchagua mtu mwingine: Bill Russell wa Boston Celtics, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9.

Mada ya nani mchezaji bora wa kikapu wa muda wote tukiifungulia simu studioni, majina huwa ni yale yale: Michael Jordan, LeBron James, marehemu Kobe Bryant. Akitokea wa kumtaja Chamberlain, hukatizwa kabla hajamaliza. Huyo alikuwa na pete ngapi? Pete ni ile anayopewa kila mchezaji wa timu iliyotwaa ubingwa. Jordan ana sita, Kobe alipata tano, LeBron ana nne. Chamberlain alipata mbili katika misimu 14, na kwa wengi hesabu inaishia hapo.

Lakini kama pete ndizo zinazoamua, Robert Horry mwenye pete saba angekuwa juu ya Jordan, na sijawahi kusikia mtu akilisema hilo. Na Russell, mwenye pete 11, angekuwa wa kwanza bila ubishi. Pete tunazitumia pale zinapotusaidia kumshinda mwenzetu kwa maneno. Chamberlain aliishi na swali hilo tangu akiwa kijana wa chuo hadi anazeeka.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 21 Agosti 1936, katika nyumba ya watoto tisa. Mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Utotoni aliugua nimonia iliyomtoa shule kwa muda mrefu. Mchezo alioupenda kwanza ulikuwa riadha, hasa kuruka juu, na kikapu kilikuja baadaye kwa sababu mtaa mzima ulikuwa ukicheza kikapu na yeye alikuwa mrefu kuliko wote. Alipokomaa alifikia mita 2.16. Magazeti yalimwita Stilt, kwa maana ya ngongoti, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Alipendelea Dipper, walilompa marafiki kwa jinsi alivyokuwa akiinama kila anapopita mlangoni.

Mwaka 1955 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas. Huko, katika mji wa Lawrence, alikuta migahawa isiyowahudumia watu weusi. Aliingia na kukaa hivyo hivyo, na kwa kuwa alikuwa Chamberlain, wakamhudumia. Sheria za wakati ule hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu, hivyo alisubiri hadi Desemba 1956. Mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Northwestern, alifunga pointi 52 na kunyakua ribaundi 31.

Machi 1957 Kansas ikafika fainali ya vyuo dhidi ya North Carolina. Mchezo ulikwenda muda wa nyongeza mara tatu, na Kansas ikafungwa 54-53. Pointi moja tu. Kuanzia usiku ule alibandikwa sifa ya mtu asiyeshinda michezo mikubwa, naye alikuwa bado hajafikisha miaka 21.

Aliondoka chuoni kabla ya kumaliza. NBA ilikuwa na kanuni ya kutomchukua mchezaji kabla wenzake wa darasa hawajahitimu, kwa hiyo mwaka mmoja alizunguka dunia na Harlem Globetrotters, timu ya kikapu cha burudani, hadi Moscow mwaka 1959. Baadaye alikuwa akisema hakuna mwaka alioufurahia uwanjani kama ule. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyemdai ubingwa.

Alipoingia NBA msimu wa 1959-60 akiwa na Philadelphia Warriors, alifunga wastani wa pointi 37.6 na ribaundi 27 kwa mchezo. Mwaka huo huo mmoja akachukua tuzo ya Mchezaji Bora Chipukizi na ile ya Mchezaji Bora wa ligi. Mwaka 1960, dhidi ya Boston ya Russell, alinyakua ribaundi 55 katika mchezo mmoja. Rekodi hiyo ipo hadi leo.

Kisha ukaja ule msimu wa pointi 50.4. Ukitazama orodha yake ya takwimu, kuna namba moja inayoonekana kama kosa la uchapaji: wastani wa dakika 48.5 kwa mchezo, wakati mchezo wenyewe una dakika 48. Si kosa. Alicheza karibu kila dakika ya michezo yote 80, pamoja na muda wa nyongeza. Msimu mzima alikaa nje dakika nane tu, na hizo ni kwa sababu mwamuzi alimtoa uwanjani.

Tarehe 2 Machi 1962 Warriors walicheza na New York Knicks katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, unaojulikana zaidi kwa kiwanda cha chokoleti. Watazamaji walikuwa 4,124. Hakukuwa na televisheni. Chamberlain alifunga pointi 100, na Warriors wakashinda 169-147.

Wenye shaka wana la kusema, na si la kupuuza. Knicks walikuwa wa mwisho katika kanda yao. Senta wao wa kawaida hakucheza, na aliyemkaba Chamberlain alitolewa kwa faulo baada ya dakika 20. Robo ya nne ilikuwa vurugu: Knicks waliwachezea faulo wenzake makusudi ili mpira usimfikie, na Warriors nao wakawachezea Knicks faulo ili saa isimame na mpira urudi kwao. Yote ni kweli. Lakini timu mbovu zimekuwepo kila mwaka tangu 1962, na bado hakuna mwingine aliyefika 100.

Kwa sisi watu wa redio tukio hili lina uzito wa pekee. Picha maarufu ya Chamberlain ameshika karatasi iliyoandikwa 100 ilipigwa baada ya mchezo. Mchezo wenyewe hakuna filamu inayouonyesha. Kilichobaki ni sauti. Mtangazaji Bill Campbell alikuwa akitangaza mchezo huo, na mwanafunzi mmoja alirekodi kwenye tepu marudio ya robo ya nne. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo katika hazina ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Ndani ya pointi zile 100 kuna mitupo huru 28 iliyoingia kati ya 32. Hili lingeshangaza yeyote aliyemfahamu, kwa maana Chamberlain alikuwa dhaifu mno kwenye mitupo huru. Siri ni kwamba msimu ule alirusha kwa mikono miwili kutoka chini, mpira ukianzia katikati ya mapaja. Ulimsaidia sana. Kwa msimu mzima aliingiza asilimia 61, kiwango bora kuliko chote katika maisha yake. Halafu akauacha mtindo huo. Aliandika mwenyewe baadaye kwamba alijisikia vibaya kurusha namna ile, na kwamba alijua amekosea. Msimu wa 1967-68 alikuwa ameshuka hadi asilimia 38. Anayemtetea Chamberlain asilikwepe hili. Mtu aliyesemwa kila siku kwamba anapoteza michezo kwa tofauti ndogo aliziacha pointi za bure kwa kuona haya.

Tofauti zenyewe zilikuwa ndogo kweli. Mara nne timu yake ilifika mchezo wa saba dhidi ya Boston ya Russell, ule mchezo wa kuamua. Mwaka 1962 walifungwa 109-107. Mwaka 1965 walifungwa 110-109. Mwaka 1968, 100-96. Mwaka 1969, 108-106. Jumlisha: pointi tisa kwa michezo minne. Russell aliondoka na ushindi kila mara, katika timu iliyojengwa na Red Auerbach, akiwa kwa nyakati tofauti na wenzake kama Bob Cousy, Sam Jones na John Havlicek. Swali la nani bora kati ya watu wawili lilijibiwa kwa matokeo ya watu kumi uwanjani.

Wenyewe wawili walikuwa marafiki. Boston ikienda Philadelphia wakati wa sikukuu ya Shukrani, Russell alikuwa akila chakula nyumbani kwa akina Chamberlain, kisha wanakutana uwanjani. Hata mikataba yao ilishindana: Chamberlain alipopata dola 100,000 kwa mwaka, Boston ikampa Russell dola 100,001.

Mwaka 1967, akiwa na Philadelphia 76ers, kocha Alex Hannum alimwomba afunge kidogo na atoe pasi zaidi. Wastani wake wa pointi ulishuka hadi 24.1, timu ikashinda michezo 68 na kupoteza 13, ikaitoa Boston kwa 4-1 na kutwaa ubingwa. Hiyo ikawa pete ya kwanza. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi zilizozaa vikapu, 702, jambo geni kabisa kwa senta. Kabla ya hapo alilaumiwa kwa ubinafsi. Sasa wakaanza kumlaumu kwamba hafungi vya kutosha.

Mchezo wa saba wa 1969 ndio uliomwachia kovu. Alikuwa Los Angeles Lakers, wakicheza nyumbani, na mwenye timu alishafunga maputo darini yashushwe wakishinda. Katika robo ya mwisho Chamberlain aliumia goti akatoka. Baadaye akaomba kurudi. Kocha Butch van Breda Kolff, ambaye hawakuwa wakipatana, akakataa. Lakers wakafungwa kwa pointi mbili, maputo yakabaki darini. Russell alistaafu baada ya hapo, na akizungumza mbele ya wanafunzi alimlaumu Chamberlain kwa kutoka uwanjani. Maneno yakafika kwenye magazeti. Marafiki hao hawakusemezana kwa zaidi ya miaka 20, hadi Russell alipomwomba radhi.

Pete ya pili ilikuja 1972. Lakers walishinda michezo 33 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa. Chamberlain, sasa mzee wa timu, alifunga wastani wa pointi 14.8 tu na kujitolea kwa ulinzi na ribaundi. Mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya Knicks aliucheza na mkono ulioumia, akaondoka na pointi 24 na ribaundi 29, na tuzo ya Mchezaji Bora wa fainali.

Alistaafu 1973 akiwa na pointi 31,419 na ribaundi 23,924. Katika michezo 1,045 ya ligi hakuwahi hata mara moja kutolewa kwa kufikisha faulo sita. Msimu uliofuata ndipo NBA ilipoanza kuhesabu rasmi mitupo inayozuiwa. Yote aliyoizuia yeye, na yote aliyoizuia Russell, haimo kwenye vitabu. Ukimwona mtu amekuja na orodha ya wazuiaji bora wa muda wote, mwulize orodha yake inaanzia mwaka gani.

Wapo wanaosema alikuwa akicheza na watu wafupi. Lakini ligi ile ilikuwa na timu chache, tisa tu mwaka 1962, na Russell alimkabili mara kwa mara kila msimu. Hata kanuni zilibadilishwa wakimfikiria yeye: mwaka 1964 NBA ilipanua eneo la chini ya kikapu kutoka mita 3.66 hadi 4.88, ili mtu wa aina yake asikae karibu na ringi.

Maisha ya baadaye yalikuwa na mambo mengi. Alicheza voliboli ya kulipwa, aliigiza filamu, na mwaka 1971 nusura apande ulingoni na Muhammad Ali, pambano likavunjika kabla ya kusainiwa. Hakuoa. Katika kitabu chake cha 1991 alidai kulala na wanawake 20,000, namba ambayo hakuna wa kuithibitisha, na ikafunika zile zote zilizothibitishwa. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi, alikuwa miongoni mwa waliomkosoa vikali, kwani ukimwi ulikuwa ukiua watu.

Chamberlain alifariki nyumbani kwake Los Angeles tarehe 12 Oktoba 1999, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 63. Katika ibada ya kumkumbuka waliofika ni pamoja na Jerry West. Bill Russell naye alikuwepo, na alikuwa mmoja wa waliosimama kumzungumzia.