Daktari Adriano Atiman wa Karema

Mtu yeyote aliyepata kuugua hapa Sumbawanga analijua jina la Atiman, maana ndilo jina la hospitali ya jimbo la Kanisa Katoliki hapa mjini. Hata hivyo wengi wetu twalisoma jina hilo kama tusomavyo namba ya gari, tukapita. Mimi mwenyewe hadi Kidato cha Pili nilidhani Atiman alikuwa Mzungu, labda Mtaliano au Mjerumani wa zamani. Jioni moja tukabishana bwenini juu ya jambo hilo mpaka taa zikazimwa. Kesho yake tulipomwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia alicheka sana, akatuambia ya kuwa Atiman alikuwa Mwafrika kama sisi, tena aliwahi kuuzwa sokoni kama mbuzi. Tangu siku hiyo nikaanza kuzitafuta habari zake.

Atiman alizaliwa yapata mwaka wa 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu. Leo nchi hiyo yaitwa Mali. Alipokuwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani wafugao ngamia, akatenganishwa na wazazi wake. Akauzwa, kisha akavushwa jangwa la Sahara kwenda kaskazini, safari ya zaidi ya kilometa 1,500 penye mchanga na kiu. Huko kusini ya Algeria alikutana na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1868 na Askofu Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Mapadre hao walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa kwa kutoa fedha, nao wakamkomboa Atiman. Akasomeshwa, akabatizwa, akaitwa Adriano.

Sasa hapa ndipo habari yake inapogeuka kuwa habari ya mwanafunzi, nami nataka nikae kidogo.

Lavigerie alikuwa na shauri ambalo wengi wa wakati wake hawakuwa nalo. Aliona ya kuwa wamisionari wa Ulaya wanakufa upesi kwa homa katika Afrika ya Kati, na tena Mzungu hukaa mbali na watu hata akiwa jirani. Basi akataka Waafrika wenyewe wafundishwe uganga wa kisasa, wawe matabibu na makatekista kwa pamoja, waoe, wakae vijijini kama watu wengine. Kwa ajili hiyo mwaka wa 1881 alifungua shule maalumu katika kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya bahari ya Mediteranea, nao vijana wakawa wakihudhuria masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao, akakaa huko miaka kama saba.

Fikirini juu ya lugha peke yake. Sisi tulipoingia Kidato cha Kwanza tulitoka katika Kiswahili tukatumbukia katika Kiingereza, na najua wenzangu waliolia usiku kwa sababu ya somo la Fizikia. Kwao Atiman walisema Kisonghai. Kwa Mapadre akafundishwa kwa Kifaransa. Na Chuo Kikuu cha Malta siku zile kilifundisha kwa Kitaliano! Juu ya hayo yako majina ya mifupa na mishipa, ambayo ni Kilatini. Halafu alipofika kwenye kazi yake hakuna hata moja ya lugha hizo iliyomfaa mbele ya mgonjwa, maana mgonjwa alisema Kibende, au Kifipa, au Kiswahili.

Jambo la pili nililolistaajabia ni wakati wenyewe. Atiman alisoma udaktari katika miaka ambayo elimu hiyo ilikuwa inabadilika chini ya miguu ya wanafunzi. Mwaka wa 1882 Robert Koch, Mjerumani, alitangaza ya kuwa ameuona mdudu wa kifua kikuu. Na mwaka wa 1887, Atiman akiwa huko huko Malta, daktari mmoja wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce alimgundua mdudu wa homa iliyokuwa ikiwasumbua watu wa kisiwa hicho, ambayo kwa ajili hiyo iliitwa homa ya Malta. Haikujulikana bado homa hiyo inatoka wapi. Ilikuwa mpaka mwaka wa 1905 ndipo Themistocles Zammit, Mmalta aliyesoma chuo hicho hicho, alipoonyesha ya kuwa inapatikana katika maziwa mabichi ya mbuzi. Ni ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe kutupa mimba, na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa huko bonde la Rukwa ni vizuri walijue hilo.

Lakini malaria? Ya kuwa mbu ndiye aletaye malaria, Ronald Ross alilithibitisha huko India mwaka wa 1897. Basi Atiman alikuwa amekwisha kufanya kazi Karema miaka minane kabla mtu ye yote duniani hajalijua kwa hakika jambo ambalo leo mtoto wa darasa la tatu hulijibu kwenye mtihani. Alikuwa na kwinini, ndiyo, wala si haba. Penisilini haikuwapo mpaka alipokuwa mzee, maana haikuanza kutumika kwa wagonjwa ila katika miaka ya 1940.

Mwaka wa 1888 masomo yalikwisha. Katika mwaka huo Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akiwaamsha watu wapinge biashara ya watumwa, na mwaka huo huo Atiman, aliyekuwa mtumwa, alishuka Zanzibar pamoja na msafara wa wamisionari, wakaanza kutembea kwenda bara. Pwani nayo katika mwaka huo ikawaka kwa vita vya Abushiri na Wajerumani. Kutoka pwani mpaka ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilometa 1,000, nao walikwenda kwa miguu. Atiman akafika Karema mwaka wa 1889.

Kwa wale wasiopajua, Karema iko chini kabisa, ufukoni mwa ziwa. Sisi wa juu Ufipa tuna baridi na upepo, na asubuhi za mwezi wa Juni twaenda mstarini tumejifunika mashuka. Huko chini ni joto na mbu. Zamani ilikuwa katika mkoa wetu wa Rukwa, lakini tangu mwaka wa 2012 ni ya mkoa wa Katavi. Mwaka wa 1879 Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome hapo, na mwaka wa 1885 wakawaachia Mapadre. Watu wengi waliokimbia wateka watumwa walikuwa wakija kukaa karibu na ngome hiyo. Ndio waliokuwa wagonjwa wa kwanza wa Atiman, naye hakuhitaji kuelezwa walikotoka.

Mwaka ule ule wa 1889 alioa. Mkewe aliitwa Agnes Wansahira, Mbende wa ukoo wa watawala. Ndoa hiyo ilimpa zaidi ya nyumba. Kwa njia ya mkewe na ndugu zake alijifunza habari za miti na mizizi iliyotumiwa na waganga wa nchi, akawa anayo elimu ya Malta katika mkono mmoja na elimu ya Wabende katika mkono mwingine. Dawa za meli zilichelewa miezi mingi, au hazikuja kabisa. Aliyekuwa na kiburi cha chuo angekaa bure akingoja sanduku. Wako wenzetu wasemao ya kuwa mtu akisoma sana hawezi tena kumsikiliza bibi yake. Mimi nawaambia wamtazame Atiman.

Kazi yenyewe ilikuwa ndui, vidonda, homa, na malale. Malale yaliua watu wengi kandokando ya ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, hata vijiji vikahama. Ni David Bruce yule yule wa Malta aliyeonyesha huko Uganda mwaka wa 1903 ya kuwa malale huletwa na mbung'o. Dunia ni ndogo kweli. Zaidi ya kutibu, Atiman alifundisha dini, maana yeye alikuwa katekista pia, na mwanawe Yosefu akapata upadre mwaka wa 1923, mmoja wa mapadre wa kwanza wazalendo wa sehemu hizi. Bendera zikabadilika, ya Wajerumani ikashuka, ya Waingereza ikapanda, naye akabaki pale pale na wagonjwa wake. Alipata nishani za Kanisa na za serikali. Mwaka wa 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe, naye wakati huo alikuwa mzee wa miaka kama themanini.

Sasa kuna ubishi ambao haujaisha bwenini kwetu. Mwenzangu mmoja, ambaye alama zake za Kemia ni kubwa kuliko zangu, husema ya kuwa Atiman alikuwa mtu mwema lakini asiitwe daktari, kwa kuwa siku hizi daktari ni mwenye shahada. Mwingine naye humtumia Atiman kinyume, akisema shahada si kitu, yatosha moyo wa kusaidia. Wote wawili nawaona wamekosea, ila huyu wa pili amekosea zaidi. Siku hizi shahada ya udaktari ni miaka mitano chuoni, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, jumla sita. Atiman alisoma miaka saba! Wala hapakuwa na chuo karibu. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka wa 1924, naye alikuwa amekwisha kuwa na mvi. Na shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka wa 1963, yeye akiwa kaburini.

Kwangu mimi jambo hili si la ubishi tu. Baba yangu ni mkulima wa mahindi na maharage, na nina wadogo zangu watatu nyuma yangu. Yeye ataka nikimaliza Kidato cha Nne niende chuo cha utabibu kwa miaka mitatu, nipate stashahada na mshahara, niwasaidie hao wadogo. Mimi nataka kwenda Kidato cha Tano, nisome Fizikia, Kemia na Baiolojia, kisha shahada. Ni miaka minane, tukihesabu yote. Baba si mtu mjinga, na hesabu yake nimeipiga mara nyingi wakati wa maandalio badala ya kupiga ile ya mwalimu. Likizo iliyopita nilimsimulia habari za Atiman tukipalilia. Akasikiliza mpaka mwisho wa tuta, akaniuliza huyo Atiman alilipiwa ada na nani. Nikamjibu ya kuwa alilipiwa na Mapadre. Baba akaendelea kupalilia, nami sikupata la kuongeza.

Atiman alikufa mwaka wa 1956, umri wake ukikaribia miaka tisini, baada ya miaka 67 ya kazi pale pale Karema. Uhuru ulikuwa bado miaka mitano. Kaburi lake liko huko huko. Mjomba wangu huenda ziwani kununua dagaa na migebuka, naye ameniahidi ya kuwa nikimaliza mtihani mwezi wa Novemba nitapanda naye gari tushuke, nikalione.