Mkwawa wa Uhehe: Mjenzi wa Dola na Mpinzani wa Ukoloni

Katika historia ya upinzani dhidi ya utawala wa Wajerumani, Mtwa Mkwawa wa Uhehe ana nafasi ya pekee. Jina lake ni ufupisho wa Mkwavinyika, ambalo hufasiriwa kuwa mtekaji wa nchi. Fasiri hiyo yadokeza upande wa maisha yake ambao aghalabu husahauliwa: kabla ya kuwa mtetezi wa nchi, Mkwawa alikuwa mtekaji.

Dola aliyoirithi ilijengwa na baba yake, Munyigumba, aliyefariki karibu mwaka 1879. Katika zama za baba na mwana, Wasangu wa Merere walinyang'anywa nchi yao na kusukumwa magharibi.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Wahehe liliangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, naye Zelewski akauawa. Wajerumani walilipiza kisasi tarehe 30 Oktoba 1894 kwa kuiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akaendesha vita vya kuvizia kwa takriban miaka minne, akitegemea wenyeji waliomficha na kumlisha. Hatimaye, akisakwa katika nyika za upande wa Pawaga na Idodi, alijiua kwa bunduki tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai.

Katika vita hivyo Wasangu waliwaunga mkono Wajerumani. Kuwaita wasaliti ni kuwahukumu kwa kipimo cha utaifa ambao wakati huo haukuwapo. Wao walikuwa wakiidai nchi yao.

Kichwa cha Mkwawa kilikatwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa Uingereza. Hata hivyo, ni mwezi Juni 1954 tu ambapo Gavana Edward Twining alikabidhi huko Kalenga fuvu lililochaguliwa kwa vipimo kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilizaliwa.

Hivyo basi, mtawala aliyepigania dola ya Wahehe aligeuka kuwa shujaa wa taifa ambalo hakulijua. Ushujaa huo haupungui kwa kuyakumbuka madai ya Wasangu; bali historia ya taifa hupungukiwa yakisahauliwa.