Imam Ghazali na mizani ya mantiki

Wapo Waislamu wanaolisikia neno mantiki wakadhani ni elimu ya makafiri iliyoletwa kumtoa mtu katika dini. Wapo pia wasomi wetu wa vyuo vikuu wanaodai kuwa Imam Ghazali ndiye aliyewafungia Waislamu mlango wa kutumia akili. Kwa maoni yangu makundi haya mawili yanakosea jambo moja, na dawa yao wote ni kuyajua maisha ya Imam huyo.

Abu Hamid Muhammad Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, katika mji wa Tus, Khurasan, nchi ambayo leo ni Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa fukara msokota sufi, mpenzi wa wanazuoni, na alifariki wanawe wakiwa wadogo. Ghazali na nduguye Ahmad wakalelewa na rafiki wa baba yao, kisha wakaingia madrasa walikopata elimu na chakula.

Inasimuliwa pia kuwa aliporejea kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, majambazi walimpora daftari zake. Alipowasihi wamrudishie, mkuu wao akamcheka kwa kuwa na elimu ambayo mwizi anaweza kuibeba. Akarudishiwa daftari, lakini maneno yale yalimuingia. Akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Baadaye alisoma Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamkabidhi ualimu wa Nizamiyya ya Baghdad. Hapo ndipo alipozama katika vitabu vya wanafalsafa. Akaandika Tahafut al-Falasifa, akawapinga katika masuala 20, na katika matatu akawahukumu kuwa wametoka katika Uislamu: kudai ulimwengu hauna mwanzo, kudai Allah (S.W.) hajui mambo ya kila kiumbe kimoja kimoja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili.

Sasa zingatia hili, ndugu msomaji. Mtu huyu aliyewavunja wanafalsafa hakuitupa mantiki yao. Aliichukua, akaiandikia vitabu, kikiwemo Mi'yar al-Ilm. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mantiki ni kipimo cha dalili tu, haikubali wala kukanusha jambo lolote la dini. Mizani ya dukani haiwi batili kwa sababu aliyeitengeneza si Muislamu. Na kuhusu hesabu alionya kwamba anayeukanusha ukokotozi wa kupatwa kwa jua akidhani anaunusuru Uislamu, anaudhuru. Mjuzi wa hesabu hataitilia shaka hesabu yake, atautilia shaka Uislamu.

Je, mizani yenyewe inapimaje? Tuchukue mfano wake mwenyewe, ambao kila aliyepita madrasa atauelewa. Ikiwa swala hii ni sahihi, basi mwenye kuswali ana twahara. Hapo pana kauli mbili zilizofungwa kwa "ikiwa" na "basi". Tukijua kuwa swala ni sahihi, tunapata kuwa mtu ana twahara. Tukijua kuwa hana twahara, tunapata kuwa swala si sahihi. Njia hizo mbili ziko wazi.

Lakini tukijua tu kuwa ana twahara, je, swala yake ni sahihi? Hatujui, huenda ameswali kabla ya wakati. Na tukijua kuwa swala si sahihi, je, hana twahara? Hatujui vilevile, kwa sababu hiyo hiyo. Njia hizo mbili zimefungwa, na ndizo watu wengi wanazopita kila siku. Magaidi fulani wamefuga ndevu, kijana huyu amefuga ndevu, basi kijana huyu ni gaidi! Mwenye kujua mizani ya Ghazali anaona mara moja palipovunjika. Lakini nasi tujipime. Mchamungu huswali safu ya mbele, fulani anaswali safu ya mbele, basi tumkabidhi fedha za msikiti. Kosa ni lile lile.

Katika al-Qistas al-Mustaqim, Imam alionesha kuwa Qur'an yenyewe inajadili kwa mizani hizi. Aya ya 22 ya Surat al-Anbiya inafundisha kuwa lau mbinguni na ardhini kungekuwa na miungu mingine, vingeharibika. Havikuharibika, basi hakuna miungu mingine. Hiyo ndiyo njia ya pili katika mfano wa swala.

Mwaka 1095, akiwa katika kilele cha umaarufu, ulimi wake ulikwama akashindwa kufundisha. Aliogopa kuwa anasomesha kwa ajili ya jaha. Akaiacha Baghdad, akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka, na katika miaka hiyo akaandika Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekidarsisha kwa vizazi. Hata baada ya kushika njia ya zuhudi hakuiacha mizani. Kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa, alichokimaliza mwaka 1109, kinaanza na utangulizi wa mantiki. Alifariki Tus mwaka 1111.

Si wanazuoni wote waliokubaliana naye. Ibn al-Salah aliiharamisha mantiki, na Ibn Taymiyya akaipinga kwa kitabu kizima. Lakini angalia, hata Ibn Taymiyya aliipinga kwa hoja.

Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoziandika kanuni za fikra kwa herufi na alama, kama hesabu za aljebra. Kompyuta na simu za leo zinafanya kazi kwa "na", "au" na "si" za namna hiyo. Kijana wa Kiislamu anayeikimbia hesabu akidhani anailinda dini yake amekimbia elimu ambayo Imam wake aliifungulia kitabu cha usuli.

Nawaomba wazazi na walimu wa madrasa waanze na mfano ule wa swala na twahara. Hauhitaji gharama, na mtoto atakayeuelewa hatadanganywa kirahisi barabarani wala msikitini.

Wabillahi tawfiq.